Muhammad Ali, bingwa aliyelipia maneno yake

Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Abidjan, wachezaji wa Léopards walipanga mstari kusikiliza wimbo wa taifa. Kila mmoja alifunika mdomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaelekeza vidole viwili kichwani, kama mtu aliyewekewa bunduki. Kocha wao, Mfaransa Sébastien Desabre, alifanya vilevile. Hakuna aliyesema neno, lakini kila mkaaji wa mashariki ya Congo alielewa: watu wanauawa kwetu, na dunia imenyamaza. Siku ile Congo ilifungwa na Côte d'Ivoire bao 1-0. Wengi wamekwisha kusahau bao, ila ile alama hawajaisahau.

Katika Kasongo na Kabambare, ambako watu wa Salamabila na vijiji vya jirani wanajua maana ya kukimbia risasi na godoro kichwani, alama ile iligusa mioyo. Lakini inaleta pia swali ambalo unaweza kulisikia popote penye redio moja na watu watatu: je, mchezaji ana haki ya kuingia katika mambo ya nchi? Kazi yake si kucheza tu? Na akisema, tutajuaje kama anasema yake au ametumwa?

Mtu aliyejibu maswali haya kwa maisha yake yote alikuwa mpiga bokse, Mmarekani mweusi, Mwislamu, na ushindi wake mkubwa kuliko yote aliupata hapa kwetu, Kinshasa, mwaka 1974. Alifariki mwaka 2016, na vijana wengi wa leo wanamjua kwa picha za simu tu. Wazee wanakumbuka ngumi zake. Inafaa kukumbuka pia maneno yake: yale aliyoyalipia, yale ambayo hakuyasema, na yale aliyotumwa kuyasema.

Mtoto wa Louisville

Alizaliwa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1942 katika mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walimpa jina la baba yake, Cassius Clay. Baba alikuwa fundi wa kuchora vibao vya maduka, na mama, Odessa, alifanya kazi za nyumbani kwa familia za wazungu. Hawakuwa masikini wa kukosa chakula, lakini walikuwa weusi katika mji ambao shule, hoteli na viti vya sinema vilitenganishwa kwa rangi ya ngozi.

Bokse aliingia kwa sababu ya baiskeli. Mwaka 1954, akiwa na miaka 12, mtu aliiba baiskeli yake mpya. Kijana alikwenda kulalamika kwa polisi mmoja, Joe Martin, huku akiapa kwamba atampiga mwizi. Martin, ambaye alikuwa akifundisha vijana ngumi, alimshauri ajifunze kupigana kwanza. Miaka sita baadaye, mwaka 1960, kijana yule alirudi kutoka michezo ya Olimpiki ya Roma na medali ya dhahabu shingoni.

Medali haikubadilisha mengi. Louisville ilimpokea kwa shangwe, lakini bado kulikuwa na mikahawa ambamo hangeweza kukaa na kupewa chakula. Hapo ndipo alipoanza kuona kwamba watu wanaweza kupenda ngumi zako bila kukupenda wewe mwenyewe.

Jina jipya

Tarehe 25 mwezi wa pili 1964, kule Miami Beach, alimpiga Sonny Liston na kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Alikuwa na miaka 22. Karibu waandishi wote wa habari walikuwa wametabiri kwamba atashindwa. Kesho yake alitangaza jambo lililowashitua kuliko ushindi: alikuwa mfuasi wa Nation of Islam, dini ya Wamarekani weusi iliyoongozwa na Elijah Muhammad. Mwezi uliofuata aliliacha jina la Clay na kuitwa Muhammad Ali. Alieleza kwamba jina la zamani lilikuwa la utumwa, kwa sababu majina mengi ya weusi wa Marekani yalitoka kwa mabwana waliowamiliki babu zao.

Kwa msomaji wa Kasongo jambo hili lina uzito wake. Mji huu ulikuwa makao ya Tippu Tip, na kutoka hapa na Nyangwe misafara ya watumwa na pembe za tembo ilielekea Ziwa Tanganyika, na kutoka huko hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Babu za Ali walipelekwa upande wa pili, kwa Bahari ya Atlantiki, lakini kidonda ni kilekile. Na kwetu ile njia iliyobeba watumwa ndiyo iliyoleta pia Kiswahili na Uislamu. Ndiyo sababu leo katika Maniema majina kama Ali, Ramazani, Saidi na Shabani hayamshangazi mtu. Jina ambalo Marekani ililiona kama tusi, hapa lingepita bila mtu kugeuza kichwa.

Marekani haikulipokea. Kwa miaka mingi magazeti makubwa yaliendelea kumwita Clay. Hata wapinzani wake walifanya hivyo makusudi. Mmoja wao, Ernie Terrell, alipigwa raundi 15 mwaka 1967 huku Ali akimuuliza tena na tena jina lake ni nani. Haukuwa ushindi wa kujivunia. Ilikuwa adhabu, na hata waliompenda Ali waliona ukatili ndani yake.

Kosa lingine la miaka ile lilimuumiza yeye mwenyewe zaidi. Malcolm X, aliyekuwa rafiki yake na mwalimu wake, aligombana na Elijah Muhammad na kuondoka katika kundi. Mwezi wa tano 1964 Ali na Malcolm walikutana Accra, katika nchi ya Ghana, na Ali alimpa mgongo. Mwezi wa pili 1965 Malcolm aliuawa kwa risasi kule New York. Baadaye sana Ali alikiri kwamba kumwacha Malcolm ni mojawapo ya mambo aliyoyajutia kuliko yote katika maisha yake. Mtu aliyesifiwa kwa kusema bila woga, siku ile alifuata amri ya mkubwa wake.

Hatua ambayo hakuipiga

Mwaka 1966 Marekani ilikuwa ikizama katika vita vya Vietnam. Vijana waliitwa jeshini kwa lazima, na Ali alikuwa kati ya waliotakiwa kwenda. Waandishi walipomuuliza, alijibu kwamba hana ugomvi na wale Wavietnam. Baadaye alieleza zaidi: kwa nini avuke bahari kwenda kuua watu masikini wenye ngozi ya rangi, wakati weusi wa Louisville wananyimwa haki zao nyumbani? Aliongeza pia kwamba dini yake haimruhusu.

Tarehe 28 mwezi wa nne 1967, kule Houston, aliitwa pamoja na vijana wengine mbele ya ofisa wa jeshi. Kila aliyeitwa jina alipaswa kupiga hatua moja mbele, na hatua hiyo ndiyo iliyomfanya kuwa askari. Jina lake lilitajwa. Hakusogea. Lilitajwa tena. Hakusogea. Siku ileile wakubwa wa bokse wa New York walimnyang'anya ruhusa ya kupigana, na taji la dunia likamtoka bila mtu yeyote kumpiga ngumi.

Mwezi wa sita mwaka uleule mahakama ilimhukumu miaka mitano ya jela na faini ya dola 10.000, hukumu kubwa kuliko zote ambazo sheria iliruhusu. Hakuingia jela kwa sababu alikata rufani, lakini pasipoti yake ilichukuliwa, na hakuna jimbo lililokubali apigane. Alikuwa na miaka 25, umri ambao mpiga bokse anakuwa na nguvu zote. Kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu, kuanzia mwezi wa tatu 1967 hadi mwezi wa kumi 1970, hakupigana hata pambano moja.

Hapa ndipo watu wengi wanakosea wanapozungumzia ujasiri wake. Leo ni rahisi kumsifu, kwa sababu historia imempa haki. Wakati ule Wamarekani wengi walimwona msaliti na mwoga. Yeye hakujua kama atapigana tena. Jeshi lenyewe lingeweza kumpa kazi nyepesi ya kucheza maonyesho mbele ya askari, mbali na risasi, kama Joe Louis alivyofanya katika Vita Vikuu vya Pili. Angekubali, angebaki na taji, pesa na pasipoti. Alikataa. Aliishi kwa kuzunguka katika vyuo vikuu, akilipwa kidogo kuwahutubia wanafunzi ambao wengi wao walikuwa wazungu, na ambao walianza kumsikiliza.

Wanamichezo wengine weusi walimsimamia. Mwezi wa sita 1967 Bill Russell na Jim Brown walikuwa kati ya waliokutana naye Cleveland, wakamhoji kwa saa nyingi, kisha wakatangaza kwamba wanamuunga mkono. Mwaka 1968, kule Mexico, Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi zilizovaa glavu nyeusi walipokuwa wakipewa medali zao. Kundi lao lilikuwa na madai kadhaa, na mojawapo lilikuwa Ali arudishiwe taji lake. Wao nao walifukuzwa kutoka Olimpiki. Kwa hiyo alama ya Abidjan ina babu zake, na kati ya Ali na vijana wale wa Mexico uzi ni mmoja.

Tarehe 28 mwezi wa sita 1971, Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta hukumu yake kwa kura nane dhidi ya sifuri. Alipata haki yake, lakini miaka ile hakuna mahakama iliyoweza kuirudisha. Miguu iliyokuwa ikicheza kama ya mchezaji wa rumba ilikuwa imepungua kasi. Miezi mitatu kabla ya hukumu kufutwa, Joe Frazier alikuwa amemwangusha na kumshinda New York. Mwaka 1973 Ken Norton alimvunja taya. Wengi walisema amekwisha.

Kinshasa, saa kumi ya usiku

Bingwa sasa alikuwa George Foreman, kijana mwenye nguvu za kutisha, aliyempiga Frazier raundi mbili tu kule Jamaica mwezi wa kwanza 1973. Mfanyabiashara wa bokse Don King aliwaahidi Ali na Foreman dola milioni 5 kila mmoja, kiasi ambacho hakijawahi kulipwa, lakini yeye mwenyewe hakuwa na pesa hizo. Aliyekubali kuzilipa ni Rais Mobutu wa Zaïre.

Pambano lilipangwa kwa tarehe 25 mwezi wa tisa 1974. Siku chache kabla, Foreman alipasuka juu ya jicho katika mazoezi, na tarehe ikasogezwa hadi 30 mwezi wa kumi. Tamasha kubwa la muziki halikungoja. James Brown, B.B. King na Miriam Makeba waliimba Kinshasa pamoja na Franco, Tabu Ley na Abeti.

Wiki zile za kungoja Ali alizitumia vizuri. Alikaa N'Sele, alikimbia asubuhi kando ya mto Congo, alizungumza na kila aliyemkaribia. Aliwaambia waandishi wa Marekani namna alivyofurahi kuona nchi ambayo rubani ni mweusi, daktari ni mweusi, rais ni mweusi. Foreman, ambaye naye ni mweusi, alikuja na mbwa mkubwa wa Kijerumani, na Wakongomani wengi walikumbuka mbwa wa polisi wa Wabelgiji. Watu walichagua upande wao mapema, na kelele yao ilijulikana dunia nzima: Ali, bomaye.

Walianza kupigana saa kumi ya usiku kwa Kinshasa, saa kumi na moja kwa Kasongo, ili Wamarekani waangalie jioni yao. Katika uwanja wa Stade du 20 Mai, ambao leo ni Stade Tata Raphaël, kulikuwa na watu wapatao 60.000. Kila mtu alitegemea Ali akimbie. Badala yake aliegemea kamba, akafunika uso kwa mikono, akamwacha Foreman apige. Foreman alipiga mbavu, mikono na mabega, raundi baada ya raundi, katika joto la Kinshasa, mpaka mikono yake ikawa mizito. Katika raundi ya nane Ali alitoka kwenye kamba, akapiga ngumi kadhaa za haraka, na bingwa akaanguka kama mti. Muda si mrefu baadaye mvua kubwa ilinyesha juu ya uwanja.

Mtu aliyenyang'anywa taji mbele ya meza ya jeshi, alilichukua tena miaka saba baadaye, katika nchi yetu.

Kile ambacho hakukisema

Ni hapa ambapo sisi Wakongomani tuna haki ya kumuuliza Ali swali letu wenyewe.

Mobutu hakuwa uwanjani usiku ule. Aliangalia pambano kwa televisheni. Lakini sura yake ilikuwa juu ya uwanja, kwenye picha kubwa kabisa, na jina lake ndilo lililouzwa duniani. Alikuwa ameingia madarakani kwa mapinduzi mwaka 1965. Mwaka 1966 aliwanyonga watu wanne hadharani Kinshasa, mbele ya umati mkubwa, na mmoja wao alikuwa waziri mkuu wa zamani, Évariste Kimba. Mwaka 1969 askari waliwapiga risasi wanafunzi wa chuo kikuu cha Lovanium. Chama kilikuwa kimoja, MPR. Mwezi wa kumi na moja 1973 serikali ilitangaza kuchukua maduka na mashamba ya wageni na kuwagawia raia, na hata katika miji ya ndani kama yetu maduka mengi yaliyochukuliwa yalibaki na rafu tupu.

Mwaka uleule wa 1974 Léopards walikuwa wamechukua Kombe la Afrika kule Misri. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale, rekodi ambayo bado haijavunjwa. Miezi mitatu baadaye, katika Kombe la Dunia la Ujerumani Magharibi, wachezaji waligundua kwamba pesa walizoahidiwa hazionekani. Walitaka kugoma kabla ya kucheza na Yugoslavia. Walicheza, wakafungwa mabao 9-0. Waliporudi nyumbani serikali ikawageuzia uso. Miezi minne baada ya aibu hiyo, serikali ileile ilipata dola milioni 10 za kuwalipa wageni wawili. Ndaye alimaliza maisha yake ugenini, na alifariki Johannesburg mwezi wa kwanza 2019.

Juu ya mambo haya Ali hakupaza sauti. Yule aliyeikatalia serikali yake mwenyewe aliisifu serikali yetu. Mtu anaweza kumtetea: alikuwa mgeni, alikuja kupigana, na furaha yake ya kuona nchi inayoongozwa na weusi ilikuwa ya kweli. Pia ni kweli kwamba watu wa Kinshasa hawakumpenda kwa sababu ya Mobutu. Walimpenda kwa sababu ya Houston. Lakini ukweli wa pili hauondoi wa kwanza. Ujasiri aliokuwa nao nyumbani hakuja nao katika sanduku lake. Mtu anayetoka mbali huona bendera kwanza. Jela haionekani kutoka hotelini.

Siku alipotumwa

Miaka sita baadaye alipata somo hilo kwa njia ya uchungu zaidi, na mahali pa somo ni jirani zetu, Dar es Salaam.

Mwishoni mwa 1979 Urusi ya Kisovieti iliingiza majeshi Afghanistan. Rais Jimmy Carter wa Marekani aliamua kwamba nchi zisiende Olimpiki ya Moscow ya 1980, na alitafuta mtu wa kuwashawishi Waafrika. Alimchagua Ali, ambaye wakati ule alikuwa India. Mwanzoni mwa mwezi wa pili 1980 Ali alitua Tanzania, kituo cha kwanza cha safari iliyompeleka pia Kenya, Nigeria, Liberia na Senegal.

Rais Julius Nyerere alikataa kumpokea. Kwa Mwalimu, jambo la mataifa halizungumzwi kwa kumtuma mpiga bokse. Kumtuma ilikuwa kama kusema kwamba Waafrika hawawezi kuelezwa jambo kwa akili, wanahitaji kuonyeshwa bingwa. Waandishi wa habari nao walimngoja Ali na swali moja. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa mbele, zilikataa kushiriki Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya ragbi kucheza Afrika Kusini ya apartheid. Filbert Bayi, aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mita 1.500, alipoteza nafasi ya maisha yake. Marekani wakati ule ilikwenda Montreal bila wasiwasi. Kwa nini sasa Afrika iifuate Marekani?

Ali hakuwa na jibu, na hakujifanya kuwa nalo. Aliwaambia mbele ya kila mtu kwamba jambo la 1976 hakulijua, na kwamba huenda rais wake amemtuma kufanya kitu kisicho sawa. Aliendelea na safari. Kenya, ambayo ilikuwa imekwisha kuamua kutokwenda Moscow, ilimpokea vizuri, lakini Nigeria haikubadilisha msimamo. Tanzania ilikwenda Moscow na kurudi na medali mbili za fedha, za Bayi na Suleiman Nyambui.

Magazeti ya Marekani yaliandika kwamba safari ile ilikuwa aibu. Labda. Lakini angalia tofauti: mwaka 1967 alizungumzia jambo alilolijua katika mwili wake, na alilipa kwa kila kitu alichokuwa nacho. Mwaka 1980 alibeba maneno ya mtu mwingine juu ya jambo ambalo hakulisoma, na hayakumgharimu kitu. Sauti ilikuwa ileile, jina lilelile, umaarufu uleule. Maneno ya kwanza bado yanatembea duniani. Ya pili yalikufa katika uwanja wa ndege. Na hata hivyo, kukiri kosa mbele ya waandishi, akiwa ametumwa na rais wa nchi yenye nguvu kuliko zote, ni jambo ambalo wanasiasa wachache wanaliweza.

Mikono iliyotetemeka

Alikaa ulingoni kupita kiasi. Mwezi wa kumi 1980 Larry Holmes alimpiga vibaya. Mwezi wa kumi na mbili 1981 alipigana mara ya mwisho na kushindwa. Mwaka 1984 madaktari walitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson. Mikono ilianza kutetemeka, na ule mdomo uliojulikana dunia nzima ulizidi kunyamaza mwaka hadi mwaka.

Hakuacha kazi. Mwaka 1990, kabla ya vita vya Ghuba, alikwenda Baghdad kumwona Saddam Hussein, na alirudi na Wamarekani 15 waliokuwa wameshikwa mateka. Mwezi wa saba 1996, kule Atlanta, aliwasha moto wa Olimpiki kwa mkono uliotetemeka mbele ya macho ya dunia. Nchi iliyotaka kumfunga jela sasa ilimpa mwenge. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulimfanya mjumbe wa amani. Mwishoni mwa 2015, wakati siasa ya Marekani ilipozungumzia kuwafungia Waislamu mlango, alitoa tangazo la kuwatetea Waislamu na kuwalaani pia wanaoua kwa jina la dini.

Alifariki tarehe 3 mwezi wa sita 2016 katika jimbo la Arizona, akiwa na miaka 74, na kuzikwa Louisville, mji ule uliomnyima meza mkahawani. Foreman, aliyekuwa adui na baadaye rafiki, alimfuata mwezi wa tatu 2025.

Kwetu sisi

Turudi kwenye swali la mwanzo. Je, mchezaji ana haki ya kusema? Maisha ya Ali yanajibu kwamba haki anayo kama raia mwingine yeyote, lakini uzito wa maneno yake hautoki kwenye medali. Unatoka sehemu mbili: analijua jambo lenyewe, na yuko tayari kupoteza kitu.

Kipimo hiki kinafaa hata katika Maniema. Hapa kwetu jezi mpya na mipira huonekana kwa wingi wakati wa kampeni za uchaguzi, na kijana mwenye jina mtaani huombwa apande jukwaani kusimama karibu na mgombea. Anaweza kufikiri anatumia umaarufu wake, kumbe umaarufu wake unatumiwa. Ajiulize kama Ali alivyopaswa kujiuliza Kinshasa na Dar es Salaam: maneno haya ni ya nani, na yakigeuka uongo, nani atalipa?

Vijana wa Abidjan hawakutumwa na rais wa nchi ya mbali. Wengi wao wamezaliwa au kukulia Ulaya, na wangeweza kucheza, kupokea mshahara na kunyamaza. Walichagua sekunde chache za wimbo wa taifa, wakati kamera zote ziko juu yao, kusema juu ya watu ambao hawana kamera. Haikusimamisha vita. Mwaka mmoja baadaye Goma na Bukavu ziliangukia mikononi mwa M23, na familia nyingi zilikimbia tena. Lakini hata hatua ambayo Ali hakuipiga Houston haikusimamisha vita vya Vietnam siku ile. Ilichukua miaka. Ilianza na mtu mmoja aliyesikia jina lake likitajwa, na akabaki pale aliposimama.